Kauli ya kutendwa ya Kiingereza inapokwama: dalili na vyanzo vyake

Jedwali la kauli ya kutendwa limo katika kila kitabu cha sarufi ya Kiingereza, na wanafunzi wengi wamelikariri. Mpe mmoja wao "They built the bridge" ageuze, atakuandikia "The bridge was built" bila kusita. Lakini mwache aandike barua pepe ya kueleza yaliyompata jana, na papo hapo itajitokeza "I was stolen my phone". Jedwali halikumsaidia kwa sababu kosa halikutoka kwenye jedwali. Limetoka kwenye Kiswahili, ambacho kutendwa kwake ni kwepesi na kunafika mbali zaidi kuliko kwa Kiingereza. Sisi tunachomeka -w- na kazi imekwisha, na tunaichomeka hata mahali ambapo Mwingereza hawezi.

Ndiyo maana mwongozo huu haufuati nyakati moja baada ya nyingine. Unafuata makosa. Tafuta sentensi inayofanana na ile iliyokukwamisha, kisha usome chanzo chake.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kiingereza huunda kutendwa kwa vipande viwili: kitenzi "be" katika umbo lake lolote, yaani am, is, are, was, were, be, been au being, na umbo la tatu la kitenzi kikuu. Umbo la tatu ni lile la mwisho katika mfululizo kama write, wrote, written. "Be" ndiyo inayobadilika kufuata wakati na kiima, yaani yule au kile kinachotajwa mbele ya kitenzi. Umbo la tatu halibadiliki kamwe.

"The letter written yesterday": sentensi haina "be"

Mwandishi alitaka kusema barua iliandikwa jana. Katika "iliandikwa" kila kitu kimo ndani ya neno moja: i- inaonyesha barua, -li- inabeba wakati, -w- inabeba kutendwa. Kiingereza kimegawa kazi hizo. "Written" inasema tu kwamba barua ilitendwa, haisemi lini. Wakati umo kwenye "was", na ukiiacha, sentensi imebaki bila wakati. Iwe "The letter was written yesterday".

Kosa hili lina chanzo cha pili ambacho walimu hawakitaji sana, nacho ni vichwa vya habari. Magazeti ya Kiingereza huandika "Two arrested after robbery" au "Bridge damaged by floods" na kuangusha "be" makusudi ili kuokoa nafasi. Msomaji anayejifunza kutokana na vichwa hivyo anachukua mtindo wa kichwa cha habari na kuupeleka kwenye aya. Soma aya ya kwanza ya habari hiyo hiyo na utaikuta "were arrested" imerudi mahali pake.

Halafu kuna mtego. "The letter written yesterday is on the table" ni sahihi kabisa, kwa sababu hapo "written" inafanya kazi ya "iliyoandikwa", na kitenzi cha sentensi ni "is" iliyo mbele zaidi. Kwa hiyo jipime kwa Kiswahili chako. Kama ungesema "iliyoandikwa", "kilichovunjwa", "waliokamatwa", unaweza kuiacha "be". Kama ungesema "iliandikwa", "kilivunjwa", "walikamatwa", huwezi.

Ndugu wa kosa hili ni "I born in 1998" na "I am born in 1998". Ni "I was born", kwa kuwa kuzaliwa kwako kumepita na hakurudiwi. Mwingine ni "I suppose to attend" au "I am suppose to attend", kwa maana ya kutakiwa kuhudhuria. Ni "I am supposed to attend". Hiyo d ya mwisho inamezwa na t inayoifuata, hivyo sikio halikupi msaada wowote. Ni ya kuandikwa kwa kuijua.

"It was wrote", "it was stole", "he is call": umbo si lenyewe

Vitenzi vingi vya Kiingereza huishia -ed katika umbo la pili na la tatu, kwa hiyo mtu anaweza kuchanganya maumbo hayo kwa miaka na asigundulike. "Was repaired", "was cleaned", "was invited": zote zinapita. Kosa linaonekana tu kwenye vitenzi ambavyo maumbo hayo mawili yameachana: wrote na written, stole na stolen, broke na broken, took na taken, gave na given, saw na seen, did na done, knew na known, chose na chosen, wore na worn, began na begun. Baada ya "be" ya kutendwa, neno la pili katika kila jozi ndilo linalotakiwa.

Vitenzi vingine havigeuki kabisa: cut, put, hit, shut, set. "The grass is cut every week" na "The grass was cut yesterday" zinatofautiana kwenye "be" peke yake. Usiandike "cutted" wala "putted" ukidhani kuna kitu kimepungua.

Jozi moja inastahili kutazamwa kwa karibu. "Find", kupata au kugundua, huenda find, found, found. "Found", kuanzisha au kuasisi, huenda found, founded, founded. Kwa hiyo anayeandika katika wasifu wa shirika lake "Our organisation was found in 2009" amesema shirika liliokotwa mahali fulani mwaka 2009. Alitaka "was founded". Programu ya kukagua tahajia haitamwonya, kwa sababu "found" ni neno halali.

"He is call Juma", "it is use for cooking", "the form should be fill": hapa umbo la tatu limekatwa mkia. Chanzo ni matamshi. Katika "called", "used" na "filled", -ed haiongezi silabi, ni konsonanti moja tu mwishoni, na Kiswahili hakina mazoea ya kufunga neno kwa konsonanti. Unapohariri, simama kwenye kila "be" na uliangalie neno linalofuata. Ni kazi ya kuchosha kidogo, lakini inakamata mengi.

"The road is been repaired": been na being zimechanganywa

Kwa mtu anayeongea haraka, maneno haya mawili yanasikika karibu sawa, hata kwa wenye lugha yao. Katika maandishi hayabadilishani nafasi. "Been" hufuata has, have au had. "Being" hufuata am, is, are, was au were. Ukiona "is been" au "has being" katika kutendwa, kuna kosa, hata usipojua sentensi inazungumzia nini.

Kiswahili kinakusaidia vizuri hapa kwa sababu viambishi vyetu vya wakati vinagawanyika karibu vivyo hivyo:

- inatengenezwa, sasa hivi: is being repaired
- ilikuwa ikitengenezwa: was being repaired
- imetengenezwa: has been repaired
- ilikuwa imetengenezwa: had been repaired
- itatengenezwa: will be repaired
- lazima itengenezwe: must be repaired

Tofauti ina uzito wake. Fundi akikuandikia "Your laptop is being repaired", kaa usubiri. Akikuandikia "Your laptop has been repaired", kaichukue.

Angalia -na- pia. Kwetu -na- inabeba linalotendeka sasa na linalotendeka siku zote. "Karatasi inatengenezwa kutokana na miti" ni jambo la siku zote, kwa hiyo ni "Paper is made from wood". Ukiandika "is being made" unamwambia msomaji kuna kiwanda kinaunguruma muda huu. Vivyo hivyo -me-. Katika mazungumzo tunasema "matokeo yametangazwa jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza sanifu hakikubali "have been announced" pamoja na "yesterday". Ukitaja wakati uliokwisha, tumia "were announced".

Kama "is being repaired" inakuchosha, jua kwamba iliwachosha pia Waingereza. Zamani walisema "the house is building" kwa maana kwamba nyumba inajengwa, na muundo wa "is being built" ulipoenea katika karne ya 19 baadhi ya wanasarufi waliulaani kuwa ni mbaya na mzito. Walishindwa. Lakini hata leo lugha hiyo inakwepa "has been being repaired". Unapotaka kusema barabara imekuwa ikitengenezwa tangu Jumatatu, andika "The road has been under repair since Monday" na usonge mbele.

"I was stolen my phone": kiima si chake

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote kwa anayefikiri kwa Kiswahili, na ndilo ambalo jedwali haliligusi hata kidogo.

Kiswahili kina kauli ya kutendea. Tukichukua "-iba" tunaweza kupata "-ibia", na hapo aliyepatwa na tendo anakuwa yambwa kamili, yaani mpokeaji wa tendo: "mtu ameniibia simu". Tukishamfanya yambwa, -w- inamchukua na kumweka mbele: "nimeibiwa simu". Simu inabaki nyuma ya kitenzi bila tatizo. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kitenzi "steal" kinapokea kitu kilichoibwa, basi. Aliyeibiwa hana nafasi karibu nacho.

Kipimo ni kimoja, nacho kinatosha kwa nusu ya makosa ya ukurasa huu: irudishe sentensi kwenye kauli ya kutenda na utazame nini kinaweza kukaa moja kwa moja baada ya kitenzi. "Someone stole my phone", sawa. "Someone stole me" maana yake ni kwamba mtu alinibeba mimi akaondoka nami. Kinachoweza kukaa hapo ndicho pekee kinachoweza kuwa kiima cha kutendwa. Kwa hiyo:

- My phone was stolen.
- My phone got stolen. Hii ni ya mazungumzo, usiipeleke kwenye ripoti ya polisi.
- I had my phone stolen.
- I was robbed. Kitenzi "rob" kinamchukua mtu au mahali, si kitu. "The bank was robbed, and the money was stolen."

Sasa tazama ukoo mzima wa makosa haya. "Nilielezwa kanuni" si "I was explained the rules", kwa sababu Kiingereza hakisemi "explain me". Ni "The rules were explained to me". "Nilipendekezewa niombe kazi" si "I was suggested to apply", ni "It was suggested that I apply". "Nilifunguliwa mlango" si "I was opened the door", ni "The door was opened for me". "Nilikatiwa umeme" si "I was cut electricity", ni "My electricity was cut off". "Tulinyeshewa" si "We were rained", ni "We were rained on", au vizuri zaidi "We got caught in the rain". Na "alifiwa na baba yake", ambayo wengine huiandika "He was died by his father", haina kutendwa kokote kwa Kiingereza kwa sababu "die" haina yambwa ya kupandisha. Sema "His father died" au "He lost his father".

Kinachochanganya ni kwamba baadhi ya vitenzi vya Kiingereza vinaruhusu mtu kuwa kiima, na vyenyewe ni vya kila siku: give, tell, show, send, offer, pay, teach, ask, promise. "I was given a book", "We were told the truth", "She was offered a job", "They were paid on Friday". Hivi vinakubali kwa sababu katika kutenda mtu anakaa moja kwa moja baada ya kitenzi: "They gave me a book". Mwanafunzi anazoea "I was given", "I was told", kisha kwa haki kabisa anadhani "I was explained" na "I was said" zitafuata njia hiyo hiyo. Hazifuati. Say, explain, suggest, describe, announce na mention zinadai "to" kabla ya mtu, na "to" hiyo inamzuia asipande. Vitenzi hivi sita vijue kwa majina. Hakuna kanuni ya maana itakayokuambia kwa nini "tell" inakubali na "say" inakataa.

Viungo vya mwili na mali huleta sura nyingine ya tatizo hili. Kwetu mwenye kiungo ndiye anayekaa mbele na kiungo kinabaki nyuma: "alikatwa mguu", "alivunjwa mkono", "aling'olewa jino". "He was cut the leg" haieleweki. Kiingereza hukipandisha kiungo chenyewe, "His leg was amputated", au hutumia "have": "He had a tooth pulled out". Muundo huu wa "have" na kitu na umbo la tatu ndio unaokaribia zaidi mazoea yetu, kwa hiyo ujifunze vizuri. Unafaa kwa jambo ulilolipia, "I had my hair cut", na kwa balaa usilolitaka, "I had my phone stolen". Muktadha ndio unaotofautisha. Ukisema "I cut my hair" msikilizaji anaweza kukuuliza ulitumia mkasi gani.

"The accident was happened": kitenzi hakina yambwa

Ajali haikuamua kutokea. Haikutenda lolote. Kwa hiyo mwandishi anahisi kwamba lazima "ilitendwa", na "was" inajipenyeza. Lakini Kiingereza hakipimi kutendwa kwa hiari ya kiima, kinapima kwa yambwa. Happen, occur, arrive, die, appear, disappear, exist, fall, rise, remain: vyote havipokei kitu baada yake, kwa hiyo vyote vinakataa. "The accident happened", "The problem occurred again", "My name disappeared from the list".

Kuna kundi lingine dogo ambalo lina kinachoonekana kama yambwa lakini bado linakataa, kwa sababu linaeleza hali, si tendo: have, lack, resemble, cost, weigh, fit, suit. Huwezi kusema "Two children are had by her". Humo uweke pia "consist of" na "belong to". "The team is consisted of five people" ni kosa la kila mahali. Ni "The team consists of five people", au "is made up of five people" kama unataka kutendwa kwa kila hali.

Hapa pia ndipo mahali pa kauli ya kutendeka. "Kioo kimevunjika" na "kioo kimevunjwa" ni vitu viwili kwetu: katika cha kwanza hatumtafuti mtu, katika cha pili mtu yupo hata kama hatumtaji. Wengi wanaandika "was broken" kwa vyote viwili. Kiingereza hakina -ika, lakini kina vitenzi vinavyotumika pande zote mbili bila kubadilika: break, open, close, change, start, stop, increase, melt, burn. "The glass broke" ni kimevunjika. "The glass was broken" ni kimevunjwa, au kilikuwa tayari kimevunjika, na maana hizo mbili Kiingereza huziacha zikae pamoja. "Prices increased" ni bei zilipanda. "Prices were increased" ni bei zilipandishwa, na msomaji makini atataka kujua na nani. Kila Kiswahili chako kinapokuja na -ika au -eka, jaribu kwanza kitenzi kitupu bila "be". Kisipokaa vizuri, Kiingereza huwa kina njia nyingine isiyo ya kutendwa au iliyo na "can": "kitabu kinauzika" ni "The book sells well", "mwandiko hausomeki" ni "The handwriting can't be read".

"She was married by a doctor": "na" imetafsiriwa kibubusa

Sentensi hii haina kosa la sarufi. Kosa lake ni la maana. Aliyeiandika alitaka "aliolewa na daktari". Msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba daktari ndiye aliyefungisha ndoa, kama vile "They were married by a priest" ni ndoa iliyofungishwa na padri. Mume anaingia kwa "to": "She is married to a doctor", au kwa kutenda, "She married a doctor". Vilevile mtoto ni "born to" wazazi wake, si "born by".

"Na" yetu ina kazi nyingi mno kuhamishwa yote kwenye "by". Weka "by" kwa mtenda, awe mtu, mnyama au nguvu ya asili: "bitten by a snake", "destroyed by fire". Kifaa, ambacho sisi tunakipa "kwa", kinachukua "with": "The lock was broken with a hammer, by a thief". Kilichojaza au kufunika mahali kinachukua "with" pia: "filled with smoke", "covered with dust". Malighafi ina "of" ikiwa bado inaonekana, "The table is made of wood", na "from" ikiwa imegeuka, "Paper is made from wood". Kujulikana kuna vihusishi vitatu: "known to the police" ni kujulikana na polisi, "known for his patience" ni kujulikana kwa subira yake, "known as" ni kujulikana kwa jina fulani.

Na mara nyingi "by" haihitajiki hata kidogo. "The thief was arrested by the police" haimwambii msomaji kitu asichokijua.

"The patient was operated": kihusishi kimeachwa njiani

Baadhi ya vitenzi hutembea na kihusishi, na yambwa inapopanda kuwa kiima, kihusishi kinabaki mwishoni hata kama kinaonekana kining'iniacho hewani. "They operated on the patient" inazaa "The patient was operated on". "Alichekwa" ni "He was laughed at". "Suala limeshughulikiwa" ni "The matter has been dealt with". Mtu aliyefundishwa kwamba sentensi ya Kiingereza haimaliziki kwa kihusishi atakifuta hapa, na ataharibu sentensi nzuri.

"He is said that he is rich"

Kwetu "inasemekana kwamba ni tajiri" na "anasemekana kuwa ni tajiri" zote zinapita. Kiingereza nacho kina njia mbili, ila hakiruhusu uzichanganye. Ukianza na "It", endelea na "that": "It is said that he is rich". Ukianza na mtu, endelea na "to": "He is said to be rich". Think, believe, report na expect hufuata mtindo huo huo.

Angalia pia "make". "They made him wait" haina "to", lakini kutendwa kwake kunaidai: "He was made to wait". "Let" kwa maana ya kuruhusu haipendi kutendwa, tumia "was allowed to".

"Did the letter written?"

"Do" na "did" hazina kazi katika kutendwa. "Be" inajitosheleza: "Was the letter written?", "It was not written", "Who was it written by?"

Sarufi iko sawa, lakini sentensi haivutii

Hapa umeshatoka kwenye makosa, uko kwenye uamuzi. Wengi hujaza kutendwa katika barua rasmi wakidhani ndiyo adabu: "It is hereby requested that consideration be given to my application". Anayesoma barua nyingi kwa siku atakushukuru zaidi kwa "Please consider my application".

Kutendwa kunafaa pale ambapo mtenda hajulikani, hana maana, au anajulikana mno. Ripoti ya maabara inasema "The solution was heated to 80°C" kwa sababu aliyewasha jiko si habari. Kunafaa pia kushikilia mada. Kama aya nzima inahusu daraja, "The bridge was built in 1962 and was widened ten years later" inasomeka vizuri kuliko kuwaleta wahandisi wapya katikati. Sababu hii ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi kwangu, na ndiyo inayosahaulika.

Kunakoharibu ni pale msomaji ana haki ya kumjua mtenda. Tarehe 27 Januari 1987, Rais Ronald Reagan wa Marekani alilihutubia Bunge huku kashfa ya kuiuzia Iran silaha ikimkalia kooni, na akasema "serious mistakes were made". Makosa makubwa yalifanywa. Na nani? Sarufi haimlazimishi kusema. Ukiandika "The payment was delayed" kwa mteja wako, naye atauliza swali hilo hilo, kwa hiyo kama ni ofisi yenu iliyochelewesha, "We delayed the payment" itawapunguzia barua moja ya majibizano.

Jambo la mwisho ni ile mistari ambayo programu za kukagua sarufi huchora chini ya kila kutendwa. Haimaanishi kosa. Programu imeona "be" na umbo la tatu, haijui kama una sababu. Mara nyingine hata haioni vizuri: "I was tired" na "The keys are gone" zinaweza kupigwa mstari, na humo hakuna aliyetendwa, ni hali tu. Jiulize kama msomaji atamtafuta mtenda. Kama hatamtafuta, acha sentensi ilivyo na uupuuze mstari.